Mtoto wa Sanduku 417 Amefika

Mlioniacha wiki jana nimeshika mpini wa mlango wa chumba cha usaili, jueni kwamba mkono bado uko palepale, ila sasa umelowa jasho.

Wewe uliyeokota gazeti hili leo ukisubiri zamu kwa daktari wa meno, nakufupishia. Mimi nilikuwa karani wa barua wa *Rukaruka*, kile kipindi cha watoto cha Jumamosi asubuhi. Nyimbo, sarakasi, mazingaombwe, vitendawili, halafu salamu za watoto waliotuandikia kadi. Kipindi kilikufa miaka ishirini na miwili iliyopita. Sasa kinafufuliwa. Mtangazaji wetu wa zamani, Dada Filimbi, amerudishwa, na mimi nimerudishwa kwa sababu alisema bila Karani wake haji.

Kampuni ya maziwa inayodhamini ilitoa sharti moja. Kipindi cha kwanza lazima awepo Mtoto wa Sanduku 417.

Watu waliulizwa wanakumbuka nini kuhusu *Rukaruka*. Hawakutaja sarakasi. Hawakumtaja mfanya mazingaombwe aliyemeza saa ya mkurugenzi. Walimtaja yule mtoto wa mguu mbovu, aliyekuwa akituandikia kutoka kitandani mpaka siku aliyopona. Asipopatikana, hakuna kipindi.

Na hawezi kupatikana. Nilimtunga mimi.

Wiki jana niliungama jinsi ilivyokuwa. Paa la stoo lilivuja, kadi zote zikalowa, wino ukawa supu, na tulikuwa na dakika ishirini kabla ya kwenda hewani. Nikachukua kadi kavu, nikaandika kwa mkono wa kushoto ili ifanane na ya mtoto: nina miaka tisa, nimelala chali kwa ajili ya mguu, mkiruka nami naruka kwa macho. Kwa sheria ya kituo hatukutaja jina la mtoto hewani, tulitaja namba ya sanduku la posta. Nikaiokota 417 kichwani kama mtu anavyookota kijiti cha meno mezani.

Dada Filimbi alilia hewani. Wiki iliyofuata tulipata magunia mawili ya barua. Na mtu akishaonja asali huchonga mzinga, basi nikachonga.

Sasa tuendelee. Nikasukuma mlango.

*

Ndani alikuwepo bosi wetu mpya, umri wake sawa na binti yangu wa kwanza. Ananiita Mzee, ingawa kichwani kwangu nywele nyeusi bado zinashinda kura.

"Kaa, Mzee. Tangazo limefanya kazi. Wamekuja tisa."

"Tisa nini?"

"Watoto wa Sanduku 417."

Nikakaa. Nikasimama. Nikaenda kufungua dirisha lililokuwa wazi.

"Wadhamini wanafika saa tisa alasiri," akasema. "Wanataka kumkuta ameketi hapa. Wewe ndiye uliyeshika barua zake zote. Wewe ndiye utakayemtambua."

Hapo nikaelewa maana ya kumpa fisi bucha alinde. Yule mtoto nilimzaa mwenyewe kwa kalamu, na sasa nilifanywa mkunga wa kila aliyetaka kuzaliwa kuwa yeye.

Tukaanza.

Wa kwanza alikuwa mama mnene mwenye furaha.

"Mguu upi ulikuwa unauma?" bosi akauliza.

"Wa kulia."

Bosi akanitazama. Mimi nikatazama dari. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuandika ni mguu upi. Hata mimi sikujua.

Wa pili akasema wa kushoto. Wa tatu akasema yote miwili. Wa nne alikuja na picha ya eksirei, na bosi alipoinyanyua mwangani ikawa ni ya kifua.

"Ugonjwa ulianzia huku," yule dada akaeleza, akijigusa shingoni. "Ulikuwa unashuka."

Wa tano alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

"Binti," nikamwambia, "kipindi kilikufa kabla hujazaliwa."

"Najua, mzee wangu. Mama ndiye aliyeandika, mimi namwakilisha."

"Mama yuko wapi?"

"Ni yule wa kwanza."

Wa sita alitaka kuimba. Wa saba aliimba. Katikati ya yote hayo nilikuwa nimeomba ruhusa ya kwenda msalani mara nne, na mara zote nne niliishia kuzunguka korido. Miguu yangu siku ile haikutaka kukaa na mimi.

Wa nane alikuwa mwalimu wa chekechea. Sauti ya taratibu, nguo safi, uongo wake umepigwa pasi. Alisema hakumbuki mguu upi, maana maumivu ya utotoni hayana anwani. Bosi akaandika kitu kwenye daftari na kukipigia mstari.

Nikajiambia, Karani, huyu hapa. Mchague, watu wafurahi, Dada Filimbi apate kipindi chake, na wewe urudi nyumbani ukalale. Uongo mmoja zaidi juu ya uongo mwingi ni sawa na kumwaga maji baharini.

Wa tisa sikumsikiliza hata kidogo.

"Mwalimu," nikasema alipotoka. "Ni yule mwalimu. Nimemjua kwa macho."

"Kwa macho? Si mlikuwa mnaandikiana tu?"

"Macho ya maandishi, bosi."

Akacheka kidogo, akafunga daftari. Ilikuwa saa saba na robo. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikaegemea kiti.

Mlango ukagongwa.

*

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, amevaa ovaroli ya bluu. Mikononi alikuwa na alama ndogondogo za cheche, kama mtu aliyedungwadungwa na nyuki wa moto. Akatembea wima, miguu miwili mizima kabisa, akaweka mezani mfuko mkubwa wa turubai.

"Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa namalizia geti la watu. Mimi ni fundi wa kuchomelea."

"Umekuja kwa ajili ya Mtoto wa 417?" bosi akauliza, kalamu imeshachoka.

"Ndiyo."

"Mguu upi ulikuwa unauma?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Sijawahi kuumwa mguu. Sijawahi kuumwa hata ukucha."

Mimi kiti kikaniponyoka. Sikuanguka, lakini haikuwa kwa juhudi zangu. Lilikuwa jibu la kwanza la kweli siku nzima.

Bosi akamtazama, akanitazama. Simu yake ikaita. Ni wadhamini. Akatoka nayo nje akisema ndiyo, ndiyo, tumempata, ni mwalimu.

Tukabaki wawili. Fundi akafungua zipu ya mfuko.

Barua. Bahasha za kila rangi, zimefungwa mafungu mafungu kwa nyuzi za viatu. Barua za watoto. Zote juu yake zimeandikwa, kwa miandiko ya kuparura, *Mtoto Mgonjwa, S.L.P. 417.*

"Sanduku lilikuwa la mama," akasema. "Mama alikuwa fundi cherehani, alilikodi ili apate oda za sare za shule. Nyumba nzima tulikuwa wawili, yeye na mimi. Mimi nilikuwa na miaka tisa."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Jumamosi moja tunatazama *Rukaruka* kwa jirani, tunasikia tunasalimiwa. Nikaruka kwa furaha. Jirani akaniangalia miguu. Akauliza, kwenu kuna mtoto mwingine?"

"Fundi," nikasema.

"Subiri, baba, nimeanza." Alisema kwa upole, kama anavyosema mtu aliyefanya mazoezi ya hotuba yake njia nzima. "Wiki ya pili, ya tatu, tunasalimiwa tu. Mtoto haamki, mtoto analia usiku. Watu wakaanza kuja. Wanaleta matunda, wanachungulia chumbani. Mama anawaambia, mtoto wangu ni huyu, anacheza kamba hapo nje. Wanasema, huyo tunamwona, yule mwingine umemficha wapi?"

Nilikuwa nimesimama tena. Nikahesabu hatua kutoka dirishani hadi ukutani. Saba. Nikarudi. Saba.

"Halafu mkasoma ile kadi," akaendelea. "*Mama anasema hospitali tutaenda mwezi ujao.*"

Naikumbuka hiyo kadi. Niliiandika huku nakula mkate. Nilitaka tu hadithi isiishe. Mtoto akienda hospitali atapona, akipona magunia yataisha. Nikahitaji mtu wa kumchelewesha, nikamtupia mama yake. Kwani mama yake alikuwa nani? Hakuwa mtu. Alikuwa mstari.

"Wiki hiyohiyo wakaja watu wa ustawi wa jamii," fundi akasema. "Wakapekua hadi chini ya kitanda. Mgonjwa hawakumwona, wakasema basi wanichukue mimi nikachunguzwe. Nilikaa kwenye nyumba ya watoto siku kumi na moja. Mama alikuwa anasimama getini kila siku na cherehani imelala nyumbani. Niliporudi, hakuna aliyeleta tena sare zishonwe. Nani ampe kazi mwanamke anayemfungia mtoto mgonjwa ndani?"

"Pole," nikasema. Neno lilitoka dogo, likaanguka palepale miguuni pangu.

"Nikawaandikia."

Hapo, msomaji wangu, nikaacha kuhesabu hatua.

"Niliandika, *Tafadhali semeni nimepona.*"

*

Lazima niwaambie kuhusu hiyo barua, maana ndiyo aibu yangu ya ndani ya aibu.

Ilifika siku ya Jumatano. Mtoto niliyemtunga ameniandikia barua. Mtu mwenye akili angeogopa. Mimi nilicheka mpaka nikashika meza. Nikajua ni Jicho, mpiga picha wetu, mtu wa utani. Nikasema, jamaa kanibamba, anajua kila kitu, na badala ya kunichongea kanitumia barua.

Nikaipenda. Nikaisoma kama mwisho mzuri wa hadithi. Ila ilikuwa na sentensi moja iliyoharibu, *Watu wanakuja nyumbani na mama analia kila siku.* Nikachukua mkasi, nikaikata. Ingezima wimbo.

Jumamosi Dada Filimbi akasoma kilichobaki. *Semeni nimepona.* Watoto mia mbili studio wakaimba wimbo wa kupona, wanasarakasi wakapanda mabegani ghorofa nne. Ndicho kipindi kilichopendwa kuliko vyote. Ndicho kinachofufuliwa leo.

Baada ya hapo, kila nilipokutana na Jicho nilimkonyeza na kumuuliza, "Mguu vipi?"

Naye alijibu, "Unaendelea."

Miaka na miaka nikidhani tunaelewana. Sasa, mbele ya fundi, ndipo nikakumbuka kwamba Jicho ana jongo tangu ujana.

*

"Uliniandikia wewe," nikasema.

"Niliwaandikia nyie. Sikujua kuna mtu." Akashika fungu moja la barua. "Na hizi nilizijibu. Watoto wananiuliza, unaumwa sana? Unapenda rangi gani? Niliporudi kutoka kule nyumba ya watoto sikuwa na rafiki hata mmoja mtaani. Nikawajibu. Nikawaambia napenda kijani, nimeshapona, njoo tuandikiane. Mpaka tulipohama, nilikuwa na marafiki mia na arobaini. Kwa hiyo sijui nikwambie nini, baba. Mliniharibia na mkanipa. Nimejiuliza njia nzima nikasirike kwa lipi."

Nilishindwa kumtazama. Nikatazama viatu vyake, vya ngozi, pua za chuma.

Kuungama kwenye gazeti ni rahisi, jamani. Gazeti halikutazami. Jaribu kuungama kwa mtu aliyechukua mapumziko kwenye kazi yake ya geti ili aje akusikilize.

"Kadi niliandika mimi," nikasema. "Zote. Ile ya kwanza. Ile ya mama. Hakukuwa na mtoto."

Koridoni kulikuwa na mtu anaburuta stendi ya taa.

"Nilidhani ni hivyo," akasema. "Mwandiko wa kushoto, siyo? Herufi zilikuwa zinaanguka upande mmoja. Mliwahi kuonyesha kadi kwenye televisheni."

"Unataka nini, mwanangu? Niambie. Nikiweza nitafanya leo hii."

"Mimi sitaki kitu. Kazi yangu inanilisha." Akafunga zipu. "Mama ndiye anayetaka. Ana miaka sabini na mbili. Tumehama mara tatu, na kila tunapohamia anangoja mtu aseme, wewe si ndiye yule. Aliposikia kipindi kinarudi, akavaa nguo yake nzuri. Anataka akae palepale studio, mtu aseme mbele ya watu kwamba hakumficha mtoto. Basi. Hata dakika moja."

"Nitasema mimi."

"Na kipindi chenu?"

Mtoto wa uongo, wadhamini wa kweli. Nikisema, hakuna *Rukaruka*. Na Dada Filimbi, aliyekaa miaka ishirini na miwili akiuza vifaa vya shule kwenye kibanda na kila mteja akimuuliza ulipotelea wapi, atarudi kibandani. Safari hii akijua kwamba machozi yake aliyalia kwa karatasi.

"Mama yako yuko wapi?" nikauliza.

"Nje. Kwenye benchi. Kuna mama mmoja alimkuta hapo, wakaanza kuzungumza."

"Mama gani?"

"Mrefu. Ana filimbi shingoni."

*

Sijui nilifikaje koridoni. Nadhani mlango niliufungua, lakini siwezi kuapa.

Kwenye benchi la mbao walikaa wawili. Kikongwe mdogo, mgongo umeinama kwa miaka ya cherehani, gauni limepigwa pasi mpaka linang'aa. Na Dada Filimbi, amemshika mikono yote miwili, macho mekundu.

"Karani," akaniita. "Njoo umwamkie mama. Huyu ndiye mama wa mtoto wetu. Mungu ni mkubwa."

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

Bosi naye akatokea upande wa pili wa korido, simu mkononi, na tabasamu la kikazi usoni. Akasimama alipotuona. Fundi akaja nyuma yangu na mfuko wake.

"Nimemwambia mama ukweli," Dada Filimbi akasema. "Nimekaa nao kifuani muda mrefu mno. Karani, hata wewe sikukwambia. Mimi ndiye niliyewapigia simu watu wa ustawi wa jamii."

Ukuta nikauegemea. Haukuwa karibu, lakini niliufikia.

"Uliwapigia wewe?"

"Ningefanyaje? Mtoto anaandika kwa mkono wake kwamba mama yake hataki kumpeleka hospitali. Nilisoma hewani nikashindwa kula chakula cha mchana. Nikapiga simu. Nimemwomba mama radhi kwa jinsi walivyomfanyia, lakini kupiga simu sijutii. Mtoto alikuwa anaomba msaada."

Kikongwe akatikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayefumua mshono aliojua tangu mwanzo kwamba umekosewa.

"Binti yangu, nakwambia tena. Mwanangu hakuandika hayo maneno."

"Aliandika, mama. Nisamehe, lakini aliandika. Nilizishika kadi kwa mikono hii."

"Hakuandika."

"Mama, watoto huandika tusiyoyajua. Wewe ulikuwa kwenye cherehani kutwa nzima. Ungejuaje?"

"Mwanangu yule pale. Muulize."

"Simuulizi yeye, alikuwa mdogo, amesahau. Namuuliza huyu." Dada Filimbi akanyoosha mkono kwangu, mkono uleule alionivutia nao mwezi uliopita akaniambia bila wewe siji. "Huyu hajawahi kunidanganya hata siku moja. Karani. Mwambie mama wa watu kama mtoto aliandika au hakuandika."

Wote wakanigeukia. Bosi na simu yake, ambayo bado ilikuwa inaongea peke yake. Fundi, ameushika mfuko kwa mikono miwili. Kikongwe, ambaye sikio lake moja lilikuwa limeelekezwa kwangu zaidi ya uso.

Nilikuwa na ahadi ya dakika tano zilizopita. Nilikuwa na uso wa Dada Filimbi mbele yangu. Nikajikaza kisabuni, nikatafuta sentensi itakayosema kweli bila kumuua mtu, na kama mwoga yeyote nikaipata.

"Aliandika, Dada," nikasema. "Barua moja."

Kikongwe akafumba macho.

Dada Filimbi akaanza kutikisa kichwa kukubali, kisha kichwa kikasimama katikati ya safari. Akaachia mikono ya mama. Akainuka kwenye benchi, akanisogelea, akanitazama kwa karibu kama mtu anayesoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa.

"Moja," akasema. "Mimi nilisoma hewani thelathini na nane. Zile thelathini na saba, Karani, ni mkono wa nani?"